Gari Inayotembea kwa Mawe

Yamumbi, Eldoret
17 Februari 1980

Kwa Gathogo, mjukuu wangu na mume wangu mdogo,

Hujambo huko Leeds? Mimi sijambo isipokuwa goti la kushoto, na hilo goti lilikuwa hivyo kabla hujazaliwa, kwa hivyo si habari. Baba yako Kinyanjui hajambo. Duka lake mjini linaendelea, na kila mtu anayeingia kununua sukari lazima aambiwe kwanza kwamba kuna kijana Uingereza anasomea uinjinia. Ng'ombe yule mwekundu mwenye pembe moja amezaa ndama jike. Nimemwita Leeds. Anapiga mateke.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, usifikiri kuna mtu amenishikia kalamu. Mwalimu Selpha wa darasa la ngumbaru amesema mtu mzima akishajua kuandika jina lake na kusoma Zaburi moja, basi aandike barua. Anatufundisha kwa Kiswahili. Yeye Kikuyu chetu hajui na sisi Kijaluo chake hatujui, kwa hivyo tumekutana hapo katikati. Ukiona kosa, nyamaza.

Sasa neno lenyewe. Unaijua ile pikapu ya Peugeot ya marehemu babu yako, yule uliyechukua jina lake. Nilipoipatia kikundi chetu cha akina mama baada ya mazishi, nilidhani nimemaliza kazi. Inazunguka boma ishirini na tatu ikichukua mikebe ya maziwa, halafu inapeleka kiwandani mjini. Kabla ya hapo tulikuwa mkononi mwa Nicanor, yule broka mwenye lori, na wewe unakumbuka mambo yake. Maziwa yakiwa kwa ng'ombe ni mazima, yakipanda lori ya Nicanor tayari yamechacha, ati atusaidie kuyachukua kwa bei ya chakula cha nguruwe.

Lakini petroli imepanda tena, na siku nyingine haiko kabisa. Gari zinapanga laini kutoka kwa pampu mpaka karibu na kanisa. Wamama wamechoka. Wengine wanasema tuuze pikapu turudi kwa Nicanor. Mimi nikirudi kwa Nicanor nitakuwa nimezikwa, na hata hapo mtabeba jeneza kwa mikono. Tutapiga kura tarehe ishirini mwezi wa tisa.

Wewe ndiye unasomea injini. Niambie tuifanye nini hii gari ipunguze kunywa. Usinipe maneno ya kitabu. Na ule mtihani wa mwaka jana ulikuwaje? Baba yako anangoja.

Ni mimi ninayekukumbuka ukilia kwa kukosa maziwa,
Cucu Nduta


Leeds
21 Machi 1980

Kwa Cucu wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili na kichwa nimekiinamisha. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, koti bado mwilini. Umeandika vizuri, kosa sikuona hata moja. Huku theluji inakaribia kuisha na mimi ni mzima. Salimia ndama.

Cucu, hiyo Peugeot usihangaike kuitengeneza. Hapa Leeds maziwa hayapelekwi kwa petroli hata tone. Kuna gari ndogo, imeachwa wazi ubavuni, inatembea kwa betri. Haina kelele. Inasimama mlangoni, unashuka na chupa, unarudi, unakanyaga, inaondoka. Haina gia wala klachi. Ikiwa imesimama hainywi kitu. Kazi ikiisha inaingizwa ndani, inafungwa kwa waya wa stima kama ng'ombe anayefungwa horini, na kesho yake imeshiba.

Fikiria hilo. Petroli inatoka mbali na bei yake wanaipanga watu ambao hata Yamumbi hawaijui. Stima inatoka kwa maji ya mito, na mito ni yetu. Mimi naona kabla ya miaka kumi na mitano gari zote za maziwa Kenya zitakuwa hivyo. Waambie akina mama wasikimbilie kwa Nicanor. Wawaze gari ya betri.

Nimesikia kwa baba kwamba Elphas dereva wenu ameenda Mombasa. Sasa nani anaendesha pikapu?

Mambo ya chuo yanaendelea kama kawaida.

Mjukuu wako akupendaye,
Gathogo


Yamumbi
27 Aprili 1980

Kwa Gathogo,

Tunaendelea, mvua imeanza, matope yameshafika kwa magoti na goti langu mimi unalijua. Baba yako ana mafua ya kuringa. Leeds amejifunza kunywa kwa ndoo na kuivunja.

Barua yako imeniletea vita. Mwalimu Selpha ana kawaida, mtu akipata barua anaisoma mbele ya darasa, wote wasikie na mwenye kusoma apate mazoezi. Nikasimama, nikaweka kidole chini ya neno, nikasoma. Nilipofika hapo pa gari inatembea kwa betri, darasa likavunjika. Wakauliza, betri ni nini, si ndiyo mawe ya tochi? Nikasema ndiyo, mawe.

Sasa tueleze. Tochi yangu ina mawe mawili, yanakaa wiki mbili. Redio ina manne, na mwisho wa mwezi mtangazaji anaanza kuongea kama amelewa. Gari ni mawe mangapi? Mwalimu Selpha aliandika hesabu ubaoni tukafika mawe elfu tisa, chaki ikaisha. Na yakichoka mnafanyaje? Sisi tunayaanika juu ya bati, yanapigwa na jua yanapata nguvu ya siku mbili. Huko kwenu jua ni la kuazima. Mnayaanika wapi?

Halafu unasema inafungwa kwa waya wa stima. Stima gani, wewe kijana? Stima imefika mjini, imefika kwa kiwanda, hapa Yamumbi taa yangu ni ya mafuta na wewe ulisomea hapo hapo ukaunguza nywele. Nifunge gari kwa waya wa nguo?

Mimi ningecheka tu ningelala. Shida ni Nyakio. Unamjua, yule bibi kijana wa hapo kwa mkuyu, amesoma mpaka darasa la saba na haachi tusahau. Alisimama akasema hayo ndiyo maendeleo, na sisi wazee tunapenda moshi kwa sababu tumezoea jikoni. Wamama saba wakapiga makofi. Kufika saa sita Nicanor alikuwa ameshasikia. Akaja na tabasamu, ananiita mama. Akatuambia ni jambo zuri sana, tuuze pikapu kwake, tungoje gari ya stima ije na meli, na wakati tunangoja yeye atatubebea maziwa. Umeona ulichofanya? Nilikuomba dawa ya kupunguza petroli, wewe umempelekea fisi ufunguo.

Elphas ameenda Mombasa, ndiyo. Pikapu inaendeshwa.

Na "kama kawaida" si jibu la mtihani. Mtu hupita au huanguka.

Cucu Nduta, ambaye babu yako hakuwahi kumdanganya


Leeds
8 Juni 1980

Cucu mpendwa,

Salamu nyingi, na mafua ya baba yaondoke na yasirudi. Nimecheka mpaka mwenye nyumba akaja kugonga ukuta.

Si mawe ya tochi, Cucu. Ni betri kubwa kama ile iliyo mbele ya Peugeot, za madini ya risasi na asidi, zimepangwa chini ya gari zaidi ya thelathini. Kwa pamoja uzito wake unakaribia tani moja. Ndizo zinazoisukuma. Na kupanda inapanda. Kuna kilima hapa chenye nyumba za matofali zilizoshikana, gari inakipanda na chupa zote, ila inapunguza mwendo mpaka mbwa wa nyumba namba kumi na saba anatufikia na kuuma gurudumu. Karibu naye kuna bibi mzee anayefungua mlango na gauni la kulalia kila asubuhi akisema "asante, mpenzi." Usikasirike, ndiyo salamu ya huku. Wakati wa baridi maziwa yanaganda yanainua kifuniko, na ukichelewa kuna ndege wadogo wa buluu wanatoboa karatasi ya kifuniko wanakula malai yote ya juu. Lazima uzikumbuke nyumba ambazo watu huamka mapema na zile unazoweza kuzimaliza mwisho.

Nimefikiria kuhusu pikapu yenu. Si lazima mnunue gari mpya. Fundi Joash anaweza kutoa injini ya petroli, akaweka mota ya stima, na betri zikae nyuma. Nimechora kila kitu kwenye karatasi hii ya pili. Kuhusu stima, itafika Yamumbi. Nchi inasonga mbele.

Hukuniambia nani anaendesha.

Ni mimi,
Gathogo


Yamumbi
20 Julai 1980

Kwa Gathogo,

Hatujambo. Mahindi yanasimama vizuri, viazi vimeoza nusu. Baba yako amenunua koti jipya, anasema ni la siku utakayorudi, lakini amelivaa mara tatu.

Mchoro wako nilimpelekea Joash pale gereji. Aliugeuza juu chini, akauweka ukutani karibu na kalenda, akasema umechorwa na mtu mwenye rula nzuri. Halafu akauliza, tani moja ni kitu gani ukikiona? Akasema kabla ya kung'oa injini ya marehemu afadhali tupakie tani moja nyuma, na mikebe ya maziwa juu yake, tuone kama itatoka Yamumbi na matope haya. Nikasema hilo ni neno la akili.

Lakini tani ya nini? Mahindi ya mwaka jana yameisha, ghala ni panya tu na utando. Joash akanitazama, akawatazama wamama waliokuwa wameketi hapo wakingoja, akaanza kuhesabu kwa kidole. Wamama kumi na wanne, akasema, ukichagua vizuri, ni tani moja kamili. Nilichagua vizuri. Wengine walikataa wakisema wao si wazito, nikawaambia nchi inasonga mbele, pandeni. Nyakio nilimweka nyuma kabisa, akae mahali betri zake zitakaa.

Sasa itabidi niseme, kwa sababu hadithi haiendi bila dereva. Ninaendesha mimi. Tangu Machi. Joash alinifundisha katika uwanja wa shule, leseni ninayo ile ya kujifunza, na yeye huketi hapo kando yangu akishika mlango kama mtu anayeombewa. Baba yako hajui. Anadhani Joash ndiye anashika usukani, na mimi sijamwambia hivyo, ila nikipita karibu na duka lake huwa nainama.

Basi nikaiondoa. Kwa njia iliyo kavu tulienda, pikapu inalia kama ng'ombe anayezaa. Tulipofika kwa kile kijito kabla ya lami, magurudumu ya nyuma yakazama, tope likaja mpaka kwa nambari ya gari. Nilikanyaga, likazama zaidi. Wamama wakaanza kuimba, si wimbo wa kanisa. Ikabidi mtu aende kwa Kiprono, yule jirani mwenye trekta, aje atuvute, na trekta yake, nikwambie, inakunywa dizeli, haijui mawe. Maziwa ya siku hiyo tulikunywa sisi. Nyakio alipoteza kiatu, na hata akiwa na mguu mmoja wa tope alikuwa bado anabishana, ati injini ya petroli ikitoka gari itakuwa nyepesi. Joash akamwambia injini ni kama wamama wawili, itatoka hiyo waingie kumi na wanne.

Ungedhani hapo mambo yameisha. Hayakuisha. Nyakio anasema makosa ni ya barabara, si ya gari, na gari mpya ya kiwandani si kama pikapu ya kuunganisha. Wanamwamini yeye kwa sababu anasema ni maneno ya mjukuu wangu injinia aliyeko Ulaya. Wamama kumi na moja wanataka kuuza kwa Nicanor na kungoja. Kumi hawataki. Wawili wanakuangalia wewe. Unasikia? Si mimi wanayeniangalia. Ni wewe.

Na sasa nikuulize kitu. Barua yako ya Juni nimeisoma mara nne. Joash anajua injini ya Peugeot yote, lakini hajui mbwa wa mtu yeyote. Mwalimu Selpha amesoma chuo, hajui ni nani anaamka mapema. Mwanafunzi atajuaje bibi mzee anafungua mlango na gauni gani? Mtu anayejua hayo ni mtu anayepita hapo kila asubuhi akiwa na chupa mkononi.

Mimi nimesema langu la usukani. Wewe sema lako. Na uniambie ukweli wa hiyo gari, si ule wa kupendeza, ufike kabla ya kura.

Cucu


Leeds
29 Agosti 1980

Kwa Cucu Nduta,

Nakusalimu, na ninawasalimu wamama wote kumi na wanne waliozama kwa sababu yangu, na kiatu cha Mama Nyakio.

Barua hii nimeianza mara tano. Cucu, mimi si injinia. Mwaka jana mwezi wa sita nilianguka hesabu. Chuo kilisema naweza kurudia mwaka nikitaka, nikaona aibu, nikaondoka. Tangu Oktoba ninaendesha gari ya maziwa. Mbwa wa namba kumi na saba ananijua kwa harufu. Ninapeleka maziwa nyumba mia mbili na arobaini kila siku isipokuwa Jumapili, na tangu nianze nimevunja chupa sita. Naipenda kazi hii kuliko nilivyopenda hesabu. Tafadhali usimwambie baba. Nitamwambia mwenyewe siku moja.

Sasa ukweli wa gari, kutoka kwa dereva. Ni nzuri kama nilivyosema, lakini sikusema yote. Inakwenda taratibu, baiskeli inaipita. Haijawahi kutoka mjini wala kukanyaga njia isiyo na lami. Januari ilikwama kwenye theluji mara tatu, na mara zote tatu ilivutwa na lori ya makaa ya mawe inayokunywa dizeli. Siku za baridi kali betri zinaishiwa kabla nyumba hazijaisha, naisukuma kwa bega. Pale gari zinapolala kuna mzee ambaye kazi yake yote ni kuziongezea betri maji na kupima asidi. Bila huyo mzee, gari zote zingekufa kwa mwezi mmoja. Yamumbi hakuna stima, hakuna lami, hakuna mzee huyo. Na hakuna meli inayoleta gari hizo kwenu. Hilo hata Nicanor analijua.

Msiuze pikapu. Siku ya gari hizi itafika, bado naamini, lakini stima ifike kwanza na barabara ifike nayo.

Kuna jambo moja kazi imenifundisha, linaweza kuwafaa. Gari yangu inaweza kusimama kila mlango kwa sababu ikisimama hainywi. Yenu ikisimama inakunywa. Boma ishirini na tatu, inanguruma kila lango mtu akitafuta mkebe, halafu inapiga gia ya kwanza kwenye tope. Petroli yenu inaishia hapo, si kwenye barabara ya mjini. Basi isiingie ndani kabisa. Kila mtu alete mkebe wake mpaka kwenye lami, muweke jukwaa na kivuli, gari ikute maziwa yote yanaingoja. Naapa mtapunguza nusu.

Nisamehe, Cucu.
Gathogo, dereva


Yamumbi
5 Oktoba 1980

Kwa Gathogo,

Tuko wazima wote, na kabla hujauliza, ndiyo, hata baba yako. Keti kwanza.

Barua yako ilifika siku yenyewe ya kura, Jumamosi, na ujue ililetwa na nani. Baba yako ndiye aliyeikuta kwenye sanduku la posta. Hakuifungua, yeye ni mtu wa heshima. Alivaa koti, akaja nayo mkutanoni ameinyanyua juu kama tiketi ya gari la moshi, akasema maneno ya injinia yamefika. Kikundi chote kilikuwa pale nje ya darasa. Nicanor naye alikuwepo, amekaa kwa kiti alichokuja nacho.

Nikapewa nisome. Ungekuwa na akili ungeandika hilo jambo lako kwa karatasi nyingine. Mtu aliyesoma sana anajua kutupa jicho mbele, akaona pabaya pako wapi akaruka. Mimi bado nasoma neno moja na lingine, kidole chini, kama mtu anayevuka mto akikanyaga mawe. Nikifika kwa neno nimeshalisema. Nilisoma salamu, watu wakacheka kwa sababu ya kiatu. Nikasoma "mimi si injinia," na sauti yangu ikaendelea yenyewe. Nikasoma hesabu, chuo, aibu, mbwa. Nikasoma kwa sauti kubwa na safi, vile Mwalimu Selpha ametufundisha, "tafadhali usimwambie baba." Ndipo nikainua macho, na baba yako alikuwa hapo mbele yangu na koti lake.

Nicanor ndiye alianza. Akacheka, akajipiga goti, akasema, "Kumbe injinia wenu anagawa chupa."

Nilikuwa ninatafuta jiwe, si la tochi. Lakini Nyakio alisimama mbele yangu. Nyakio yuleyule. Akamgeukia akamwambia:

"Na sisi hapa, Nicanor, tunagawa nini?"

Wamama walicheka mpaka kiti cha Nicanor kikaonekana kidogo. Halafu Nyakio akaniambia niendelee kusoma, ati huyu sasa ndiye anasema kitu, kwa sababu injinia ni mtu wa kuchora na dereva ni mtu wa kukwama. Nikasoma theluji, nikasoma lori ya makaa, nikasoma yule mzee wa kutia maji. Nilipofika pa jukwaa kwenye lami, walianza kubishana liwekwe wapi kabla sijamaliza sentensi, na mwenye kubishana zaidi alikuwa Nyakio, kwa sababu anataka liwe karibu kwake.

Tukapiga kura. Ishirini na mmoja kubaki na pikapu, wawili kuuza, na hao wawili nawajua lakini sitawataja, mmoja ni wa kanisa letu. Nicanor alikunja kiti akaenda.

Jukwaa lilisimama kesho yake baada ya kanisa, Joash alipigilia miti na bati. Kila mama anabeba mkebe wake mwenyewe, punda wa mwenzetu Njambi anabeba ya wazee. Siku kumi na nne sasa. Pipa la petroli lililokuwa linaisha kwa wiki moja limefika wiki mbili na bado petroli inasikika ikicheza ndani. Mdomo wangu hausemi sifa bure, lakini hapo ulisema kweli.

Na baba yako. Baada ya kura alienda akasimama karibu na pikapu, ameshika mlango, amenipa mgongo. Nilimwacha. Mtu akimwagikiwa hupewa nafasi ya kuona maziwa yamefika wapi. Baadaye akaja akaniuliza kitu kimoja tu, nyumba ngapi kwa siku? Nikatafuta kwa kidole, nikamwambia mia mbili na arobaini. Akasema duka lake tangu lifunguliwe halijawahi kuona watu mia mbili na arobaini siku moja. Halafu akauliza mimi nimeanza lini kuendesha gari, maana mtu amemwambia pale pale mkutanoni. Nikamwambia leo ni siku ya kura, si siku ya kunihoji.

Jumatatu nilipita dukani bila kuinama. Alikuwa anampimia mtu unga, akimwambia ana kijana Uingereza anayeendesha gari ya stima. Hakusema maziwa. Polepole atafika.

Amesema nikuandikie urudie hesabu. Mimi nasema hilo ni lako, wewe ni mtu mzima mwenye jina la mtu mzima. Mimi mwenyewe nilianguka mtihani wa leseni Agosti. Wanakuwekea meza yenye barabara ndogo na vigari vya kuchezea, nikapitisha changu juu ya mzunguko kwa sababu ilikuwa njia fupi. Nitarudia tarehe kumi Novemba na sioni aibu, naona hasira tu. Ukirudi chuo, rudi. Ukibaki na chupa zako, baki, na uniletee siku moja nione hiyo gari isiyolia.

Lakini usiniandikie tena sifa za gari bila kuniambia nani ameshika usukani.

Cucu Nduta